Kiti cha Mtu Mwingine

Mwaka wa 1996, Mursal alikuwa akipeleka chanjo za watoto kwenye maboma ya wafugaji karibu na Balambala. Alfajiri ukungu ulitambaa juu ya Mto Tana, na ngamia wakaonekana kama wanaelea. Weris, mkewe, alimpa chai ya maziwa, naye akafunga kisanduku cha barafu nyuma ya baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya mashindano, nyepesi, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo. Mhandisi mgeni, mrefu kama twiga, alimwachia alipomaliza kazi ya visima.

Lakini kila safari Mursal alirudi hoi. Kiuno kiliuma, shingo ilikakamaa, vidole vilikufa ganzi. Ilimbidi apumzike njiani kila mara. Siku moja alipumzika mno. Alipofika, barafu ilikuwa imeyeyuka na chanjo zimeharibika. Akina mama waliotembea tangu alfajiri, watoto mgongoni, wakageuka kurudi walikotoka. Hilo lilimwuma kuliko kiuno.

Jioni alimwambia Weris, "Kesho naacha hii kazi. Mgongo umekataa."

"Haujakataa," ilisema sauti ng'ambo ya ua. Alikuwa jirani yao, Eedo Lul, shangazi wa mtaa mzima, aliyewanyoosha wagonjwa viungo hospitalini miaka mingi. "Weris, shika baiskeli. Wewe panda, nikuangalie."

Mursal akapanda. Eedo Lul akamzunguka polepole.

"Nyonga zinayumba. Kiti kiko juu. Hiki ni kiti cha mtu mwingine."

"Nilidhani nitazoea, Eedo."

"Maumivu hayazoewi, mwanangu. Yanakuambia kitu. Teremsha kiti."

Mursal akalegeza nati kwa spana.

"Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu umenyooka? Vizuri. Sasa kanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo. Goti limekunjika kidogo. Hapo ndipo."

Akamwambia alaze kiti sawasawa, akisogeze mbele, ainue na usukani kidogo.

"Viwiko vilegee. Inama kutoka kwenye nyonga, usikunje mgongo kama upinde. Na mikono ihamehame, usiegemee mahali pamoja mpaka damu isinzie."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unavumilia tu."

Wiki nzima Mursal alipanda safari fupi, akirekebisha kidogo kidogo. Siku ya chanjo ilipofika, alishika njia ya kando ya mto. Baada ya muda mwili wake ulinyamaza. Hakusikia kiuno wala shingo. Alisikia magurudumu yakinong'ona na njiwa wakiitana migungani, na njia ikawa inapita chini yake kama maji.

Alifika kabla ya jua kukaza. Mama mmoja aliyerudi bure safari ile, Kaaha, alisimama mbele na mtoto wake.

"Leo dawa iko baridi?"

Mursal alitoa pakiti ya barafu, akamwekea kiganjani. Kaaha akaishika kitambo, macho ameyafumba. Kisha akamfunua mtoto bega. Mtoto akadungwa, akalia, na foleni ikasogea.