Oili Ikishatulia

Jumapili ile asubuhi, kituo cha mapumziko cha Daikoku, kando ya barabara kuu ya Yokohama, kilikuwa kimefurika magari, na nusu yake yalikuwa boneti juu, yanachunguliwa kama watoto wachanga. Wenyewe walizunguka na kahawa zao za makopo, wakisifiana kwa sauti za chini. Katikati yao alisimama Kozue, muuguzi wa miaka arobaini na moja, koti lake la kaki limekunjika mgongoni, nywele amezifunga bila kioo, macho mekundu kwa zamu ya usiku. Mbele yake kigari cha viti viwili, manjano kali, kipya kabisa. Alikinunua mwenyewe baada ya kuachana na mume ambaye kwa kila jambo alimwambia, "Wacha, hutaweza," kisha akalifanya yeye kimyakimya, nyuma ya mgongo wa mkewe. Ndoa ilikwisha. Kigari ndicho kilichoshika nafasi, na mpaka siku hiyo kilikuwa hakijamdharau.

Kozue alizima injini, papo hapo akachomoa kijiti cha kupimia oili. Karibu kikavu! Akafungua kopo la oili alilolinunua njiani.

"Samahani sana, dada. Usimimine."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, suti ya kijivu siku ya Jumapili, tai imechomekwa mfukoni, mifuko ya uchovu chini ya macho.

"Nisimimine kwa nini? Huoni imekauka?"

"Umezima sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Basi oili bado iko juu, imetapakaa injini nzima. Ipe dakika kumi ishuke, itulie. Futa kijiti, kirudishe, upime tena. Ukipima mapema utadhani huna, kumbe unayo."

"Si bora izidi kuliko ipungue?"

"Thubutu! Ikizidi inapigwapigwa mle ndani mpaka inakuwa povu, na povu halilainishi kitu. Gari litakutolea moshi mbele za watu."

"Wewe ni fundi?"

"Mimi nauza mafriji ya madukani. Ila na mimi nina kigari pale, na nilikitesa vya kutosha kabla sijapata akili."

Kozue alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Wakaingia ndani, wakakaa kwenye benchi kando ya kioo, jua la Desemba likiwapiga magotini. Yule bwana alijitambulisha, anaitwa Tetsuro, na aliwekwa ofisini mpaka alfajiri. Kozue akasema na yeye ametoka zamu. Tetsuro akasema pole. Kozue akasema pole na wewe. Halafu, jamani, wote wawili wakalala fofofo.

Walipoamka jua lilikuwa limehama, na kichwa cha Tetsuro kilikuwa begani kwa Kozue.

"Lo! Nisamehe! Nimekulowesha koti!"

"Dakika kumi zako ni ndefu, bwana."

Walipopima, oili ilikuwa sawasawa, katikati ya alama mbili. Walibadilishana namba za simu palepale.

Gari jipya la namna ile lina desturi yake, na watu wa magari hayo huishika kama ibada. Kilomita elfu moja za kwanza unaliendesha kwa adabu. Unaliacha lipate joto kwa mwendo wa pole, huikanyagi injini mpaka ikalia, na ukizimaliza unamwaga oili ile ya kwanza na kutia mpya. Tetsuro alijitolea kukaa kiti cha pembeni. Jumapili zao zikawa barabara ya pwani mpaka Miura, wanakula wali kwa jodari mbichi, wanarudi.

"Bibie, unaendesha kama umebeba mayai."

"Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nilisema ipate joto kwanza. Sikusema tufike kesho."

"Shuka basi utembee, tuone nani atatangulia."

Siku za kazi walikuwa na simu tu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nitakula. Sauti yako imechoka, mpenzi."

"Yako nayo. Lala."

"Haya, lala."

Lakini jioni moja, wakiwa wameegesha gari kutazama meli zinazoingia Yokohama, Tetsuro alisema, "Kilomita elfu zikitimia, siku ya kumwaga oili, nina neno la kukuuliza."

"Uliza sasa."

"Acha injini izoee kwanza."

Kozue hakumlazimisha. Alimwona amechoka. Na huo ndio ulikuwa ugonjwa wao: kila mmoja alimhurumia mwenzake hata akamficha mambo. Kule kwao kumsumbua mtu ni aibu kuliko kumkanyaga mguu, na watu wawili wenye adabu wakipendana, utashangaa ni mangapi yatakaa bila kusemwa.

Mwezi wa tatu Kozue alipangiwa zamu za usiku mfululizo. Kwa hofu gari lisikae baridi, alimpa Tetsuro ufunguo wa akiba. "Lizungushe kidogo. Lakini ulizungushe mpaka lipate moto vizuri. Safari fupi za kwenda dukani wewe mwenyewe umesema zinaharibu oili."

"Mwanafunzi amekuwa mwalimu!"

Ijumaa Kozue alipima, akakuta oili imeshuka hadi alama ya chini. Haikumshangaza, injini mpya hunywa kidogo. Jumamosi, akitoka kazini, alinunua lita moja, akaimimina yote bila kupima tena, maana alishapima jana. Akaenda kulala akiwa amejisifu moyoni: nimefanya mwenyewe, sikumsumbua mtu.

Jumapili alivaa gauni lake la samawati, akapaka rangi ya mdomo, akashika njia ya Daikoku. Kilomita zilizobaki zilikuwa chache. Moyo wake ulikuwa unapanda na kushuka kama wa msichana. Alipokaribia kituo akaona kwenye kioo wingu jeupe linalomfuata. Alijidanganya ni gari la mtu mwingine. Alipoingia kituoni, moshi ulimzunguka, na wale waungwana wote wenye kahawa wakageuka kumtazama.

Alizima. Akasubiri dakika kumi. Akapima. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa mbali. Lita yake moja isingeweza kufika pale. Mwingine ametia, na mwenye ufunguo ni mmoja tu. Akapiga simu.

"Tetsuro, uligusa oili ya gari langu?"

"Ndiyo. Jana asubuhi niliikuta imepungua, nikaijaza. Kuna nini?"

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa zamu. Nilikuona umechoka, sikutaka kukusumbua."

Masikini, angejua neno lile lilivyoingia! Kozue alimsikia mume wake wa zamani akiongea kwa sauti nyingine. Wacha, hutaweza.

"Kwa hiyo mimi ni wa kufanyiwa mambo nyuma ya mgongo. Na lipi jingine hujaniambia kwa kuwa nimechoka?"

"Kozue, hiyo oili..." Tetsuro akaanza.

"Nakuuliza wewe!"

"Nimehamishwa," Tetsuro alisema. "Kampuni inanipeleka Asahikawa. Mwanzo wa mwezi wa nne."

"Kaskazini kule? Umejua lini?"

"Wiki ya tatu sasa. Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Wakati mzuri umeupata, bwana. Ufunguo wangu uutie kwenye sanduku langu la barua."

Alikata simu. Gari lilipakiwa kwenye lori mpaka gereji, na Kozue alirudi kwake kwa treni, gauni la samawati linanuka moshi. Alilia kidogo tu. Hata kulia kulihitaji nguvu, na yeye hakuwa nazo.

Siku zilikwenda. Ufunguo aliukuta kwenye sanduku, umefungwa ndani ya leso safi. Simu haikulia, na yeye hakupiga. Wakati wa chakula cha mchana kazini, dada Hisae, muuguzi mwenzake aliyekaribia kustaafu, alimkuta anauzungusha ule wali wake kwa vijiti bila kula.

"Huyo bwana wa mafriji amekufanya nini?"

Kozue akamsimulia yote, sauti ikipanda. "Ametia oili bila kuniambia! Ananiona mtoto?"

Hisae alitafuna taratibu. "Na wewe, uliponunua yako, ulimwambia?"

"Mimi nilikuwa sitaki kumsumbua, mtu mwenyewe ana..." Akaviweka vijiti chini.

"Endelea, nakusikiliza."

"Dada, usinicheke."

"Sikucheki. Mmemimina wote wawili, kila mtu kwa huruma yake, na gari ndilo limelipia. Kila siku tunawaambia wagonjwa humu ndani: mficha maradhi kifo humuumbua. Kula wali wako."

Kozue hakula. Alitoka ukumbini, akapiga simu.

"Nakusumbua?" aliuliza.

"Niko kwenye mkutano," Tetsuro alinong'ona.

"Sikuulizi uko wapi. Nakusumbua?"

"Ndiyo. Unanisumbua."

"Vizuri sana. Toka nje unisikilize. Mimi pia nilitia oili, na mimi pia sikukuambia. Hasira zangu nilizipima injini ikiwa bado ya moto. Nimekukosea, na wewe umenikosea, na nimekukumbuka mpaka nimekonda. Jumamosi njoo gereji."

Akasikia mtu mzima anavuta kamasi katikati ya ofisi za watu.

Jumamosi fundi Okumura, mwenye gereji, alikuwa ameshapandisha kile kigari juu. "Oili yote nitaimwaga. Hii imeshapigwa povu, siiamini tena," alisema. "Nani aliijaza hivi?"

"Sisi wote wawili," Kozue akajibu.

"Ala! Mnaishi nyumba moja, hamsemezani?"

"Nyumba moja bado," Tetsuro akasema, na masikio yakamwiva.

Oili ilitiririka ndani ya karai, nyeusi, ndani yake vumbi la chuma linametameta. Kozue akashtuka. Okumura akamtuliza: injini mpya ndivyo ilivyo, vyuma vinasuguana mpaka vizoeane, ndiyo maana oili ya kwanza haiachwi ikae sana.

Tetsuro alisogea karibu naye. Alikuwa amevaa ile suti ya kijivu, safari hii imepigwa pasi. "Lile neno langu... kilomita elfu bado hazijatimia."

"Elfu ni ya injini. Mimi niulize leo."

"Kule baridi ni kali, Kozue. Kuna kazi yako, kuna dada zako hapa. Nisingependa kuku..."

"Ukilitaja neno kusumbua nakumwagia hili karai."

Tetsuro akavuta pumzi. "Basi nakusumbua. Tuoane. Twende wote Asahikawa. Sitaki kwenda peke yangu, naogopa kwenda peke yangu."

Kozue alimtazama mpaka yule bwana akaanza kuhamisha miguu. Kisha akageuka.

"Fundi, unatia oili gani?"

"Ya kawaida ya hapa. Kitabu cha gari kinaruhusu na nyepesi zaidi, lakini hiyo ni ya watu wa nchi za barafu, isigande asubuhi wanapowasha."

"Tia hiyo nyepesi."

Okumura alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaenda kuchukua kopo bila kuuliza.

"Maana yake ni..." Tetsuro akaanza.

"Maana yake nakubali. Nimesema kwa mdomo wangu, na fundi shahidi. Wagonjwa wako kila mahali, sitakosa kazi."

Oili mpya ilitiwa, injini ikawashwa kidogo, ikazimwa. Wakakaa kwenye benchi la gereji, mkono ndani ya mkono, kuisubiri itulie. Haukupita muda, Tetsuro alikuwa ameshasinzia begani kwake, mdomo wazi. Kozue aliinuka polepole, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akapima. Katikati ya alama mbili. Zamani angemwacha alale. Akarudi, akamshika bega, akamtikisa kwa nguvu.

"Amka, mpenzi. Nimepima, iko sawa. Njoo uone na wewe."