Aliyeitika Jina la Mirriam

Maiti ya Mirriam Adhiambo ilikutwa chumbani mwake mtaani Ziwani, imeketi kwenye kochi, jicho moja limefumba, jingine limekodoa. Mlango haukuvunjwa. Hakuna kilichoibwa. Jirani yake, Kavinya, ndiye aliyemkuta, na alilia hadi akashikiliwa na wapangaji wenzake.

Inspekta Wanyonyi aliomba kimoyomoyo, kama afanyavyo mbele ya kila maiti. Kisha akachukua kopo la vidonge lililokuwa mezani, lebo yake ikisema ni dawa ya presha kutoka kliniki.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba mshipa wa ubongo ulipasuka kwa presha. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni ripoti ya mkemia: damu ya marehemu haikuwa na dawa yoyote ya presha, na vidonge vile vilikuwa vya vitamini.

Mirriam alikuwa ameshazikwa Inspekta alipofika kwenye kliniki aliyotibiwa marehemu, amevaa kiraia. Daktari Kiema alimsifia mpango wao mpya: dawa za presha bure, kipimo kila mwezi. Wanyonyi akamuuliza kuhusu Mirriam. Daktari akatazama kompyuta. Presha ya mama huyo ilikuwa nzuri tangu mwaka jana, akasema. Hakuona haja ya kumbadilishia dawa.

"Analalamika kuumwa na kichwa?"

"Muulize mwenyewe. Leo ni siku yake."

Kabla Inspekta hajajibu, muuguzi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mirriam Adhiambo."

"Niko," sauti ikaitika kwenye benchi.

Wanyonyi akajificha nyuma ya pazia la kitanda cha wagonjwa, akamtaja Mungu bila kutoa sauti. Mwanamke akaingia, amejitanda leso hadi kwenye paji la uso, akaketi na kunyoosha mkono. Daktari alimfunga kipimo, macho yake yakiwa bado kwenye kompyuta.

"Safi sana, mama. Endelea hivyo hivyo."

Inspekta akatoka nyuma ya pazia.

"Daktari, mtazame usoni. Ni nani huyu?"

Daktari alimtazama. "Si ndiye Mirriam?"

"Mirriam yuko kaburini. Huyu ni Kavinya, jirani yake."

Kituoni, Kavinya hakukana. Alisema yeye pia ana presha, lakini alipokwenda kujiandikisha aliambiwa nafasi zimejaa. Mirriam alikuwa na nafasi, ila miguu ilimsumbua, akamtuma amchukulie dawa.

"Muuguzi aliita jina, daktari akashika mkono wangu, akapima. Hakuniuliza kitu, afande. Nikanyamaza."

"Dawa ukanywa wewe."

"Nikanywa. Yeye nikampelekea vitamini."

"Alipolalamika kuumwa na kichwa?"

"Nilimwambia daktari amesema presha iko sawa." Alifuta uso kwa leso. "Na ilikuwa sawa. Ilikuwa yangu."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua mmoja wetu atakufa. Nina watoto watatu. Yeye hakuwa na mtu."

Wanyonyi aliweka kalamu chini.

"Dada, ulimwosha kwa mikono yako kabla ya kuzikwa. Ulirudi leo kuitika jina lake kwa nini?"

Kavinya alimtazama kana kwamba hakuelewa swali.

"Dawa zilikuwa zimeniishia."