Mistari Miwili ya Dorcas

Kila asubuhi, baada ya kunywa uji wa shayiri, Dorcas Pellew alikaa mezani kando ya dirisha akanakili mashairi ya baba yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwandiko wake ulisomeka hata kwa mwenye macho mabovu. Wa baba yake, Bwana Ambrose, ulikuwa kama kuku wamepita kwenye matope. Tangu mama afariki, kazi hiyo ilikuwa ya Dorcas.

Bwana Ambrose alikuwa mchoraji na mshairi, na kutulia hakukujua. Alichora huku akitembea, akakwangua kwa kisu alichochora jana, akakimbilia karatasi kuandika ubeti, kisha akairudia turubai vidole vikiwa vimejaa wino. Wiki hiyo alikuwa akimalizia picha kubwa ya mwanamke aliyesimama mlangoni akiutazama Mto Thames. Shairi lake la mistari kumi na minne lingechongwa kwenye fremu siku ya Ijumaa, na Jumatatu picha ingepelekwa kwenye maonyesho.

Jumanne, Dorcas alipokuwa akilinakili shairi hilo, aliunyooshea mkono mkate, kikombe cha chai kikapinduka. Mistari miwili ya mwisho kwenye karatasi ya baba, ambayo hakuwa bado ameinakili, ikageuka doa la buluu.

Alikwisha kuonywa mara ngapi asile penye karatasi? Nakala nyingine haikuwepo. Akaitupa karatasi motoni. Kisha akatunga mistari miwili yake mwenyewe:

*Mto umepita mbele ya mlango wangu,*
*haukuuliza ni nani aliyebaki ndani.*

Baba yake aliisoma kwa sauti, akaisoma tena. "Hii niliiandika lini?"

"Juzi, Baba," Dorcas alijibu, akiinamia kidau cha wino.

"Ndiyo mizuri kuliko yote!" alisema Shangazi Letitia, dada yake Bwana Ambrose, aliyekuwa akiwatunzia nyumba. "Kaka, safari hii umejishinda."

Lakini Bwana Ambrose hakufurahi. Kuanzia hapo mbao za sakafu ya juu hazikupumzika. Alikwenda dirishani, akarudi, akafungua madroo, akapekua karatasi za zamani. Jumatano hakugusa rangi kabisa.

"Baba amehesabu brashi zake mara tatu," alisema Hugh, mdogo wake Dorcas. "Na wewe unatafuna kucha kama sungura. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Hebu niondokee hapa!"

"Haya, tafuna. Ukimaliza kucha, kuna vidole."

Alhamisi Dorcas alipandisha ndoo ya makaa juu, akasikia sauti ya baba yake nyuma ya mlango.

"Letitia, mistari ile siikumbuki. Hata neno moja! Marehemu baba alianza hivihivi. Kwanza alisahau barua, mwisho akatusahau sisi wanawe."

"Umechoka tu, kaka."

"Siyo uchovu. Kichwa changu kinaniponyoka. Nani atawalea watoto hawa?"

Dorcas aliiweka ndoo chini, akashuka ngazi. Alitaka kusema, akaogopa. Akajiambia kesho, na kesho ikafika.

Ijumaa Bwana Gedge, fundi wa fremu, aliingia na patasi zake. "Nianzie wapi, bwana?"

"Anza na mistari ya mwisho," alisema Bwana Ambrose. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Wanasema ndiyo bora."

Patasi iligusa mbao.

"Usichonge!" Dorcas alipiga kelele. "Baba, siyo yako. Nilimwaga chai, nikachoma karatasi. Mistari hiyo nilitunga mimi."

Bwana Ambrose aliketi polepole, akajifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika, na Dorcas hakujua kama alikuwa akicheka au akilia.

"Basi sijasahau," alisema hatimaye. "Hapakuwa na kitu cha kusahau." Kisha akamtazama. "Siku tatu, Dorcas! Siku tatu nimeishi na hofu ile, nawe unaniona."

"Nisamehe, Baba. Niliogopa utanigombeza."

"Ningekugombeza, ndiyo. Kisha tungekula chakula cha mchana."

Alimwomba Bwana Gedge arudi kesho, akaandika mistari mingine miwili papo hapo. Shangazi Letitia aliisoma, akakunja midomo.

"Kaka, nisikufiche. Ya mtoto ilikuwa mizuri zaidi."

"Najua. Lakini jina lililo chini ya picha ni langu, na maneno yatakuwa yangu, hata yakichechemea."

Akamvuta binti yake karibu. "Sikiliza, mwanangu. Chai ilinipotezea mistari miwili, na mistari huandikwa tena. Uongo wako ulininyang'anya imani niliyokuwa nayo kwa akili yangu mwenyewe. Ukimwaga, sema umemwaga, hata kama sauti inatetemeka. Kosa linalosemwa mapema lina dawa; likifichwa, huanza kumla mtu mwingine asiye na hatia. Na mistari yako usiitupe. Kaitafutie shairi lake, utie jina lako."

Mchana huo Dorcas alifungua daftari jipya. Mstari wa tatu ulikataa kuja. Aliandika, akafuta, akainuka, akazunguka meza, akaketi tena. Juu ya kichwa chake, baba yake alikuwa akichora.