Lori Lililonasa Getini

Bernadetha, jirani wa Theopista kule Misunkumilo, anadai majambazi walikuwa saba. Anadai walikuwa na bunduki, wakamfunga mlinzi kwa kamba ya ng'ombe, wakapiga risasi mbili hewani, ndipo wakaondoka na tumbaku. Anasimulia huku anapepeta mchele, na kila akisimulia majambazi wanaongezeka.

Hakukuwa na bunduki. Hakukuwa na kamba. Walikuwa watatu tu, na mmoja wao alibeba chupa ya chai.

Mpango uliwekwa Kashaulili, chumba cha nyuma cha duka la spea za baiskeli. Ilikuwa tisini na nane, mwaka ambao kampuni ya tumbaku ilileta kompyuta ghalani. Ngusa, mwenye lori, alikaa juu ya rundo la matairi, miguu haitulii.

"Sikilizeni nyie. Zamani gari lilitoka kwa sahihi ya bosi. Sasa hivi mlinzi hataki sahihi ya mtu. Anataka karatasi ya mashine iliyoko getini. Ile mashine inaiuliza seva, ile kompyuta kubwa ya ofisini. Seva ikisema litoke, linatoka. Nani anaiambia seva?"

"Mimi," Arcade alisema.

Arcade alikuwa fundi. Kampuni yenyewe ilimleta kwa treni kutoka Tabora kuja kuweka programu mpya. Alikuwa pia mdogo wake Theopista. Walikulia Katumba, chungu kimoja, blanketi moja. Theopista alipika chai ya ofisi. Kazi yake kwenye dili ilikuwa kuangalia, na kazi hiyo aliiweza.

"Arcade anatokaje?" aliuliza. "Tumbaku ikikosekana watajua ni mkono wake."

"Anadandia lori palepale getini. Jioni tuko njia ya Kigoma." Ngusa alicheka. "Mama chai, unadhani nitamwacha shemeji yangu?"

"Shemeji kwa nani? Mimi nimeolewa na wewe lini?"

Walicheka wote. Theopista aliacha kucheka mapema kuliko wenzake.

*Saa tatu asubuhi.* Siku ya dili, lori la Ngusa liliingia ghalani. Mashine ya mzani, pale magari yanapopimwa uzito, iliiuliza seva, ikajibiwa. Wapagazi wakaanza kupakia marobota ya tumbaku. Nathanael, meneja wa ghala, alipita akinywa chai, hakugeuka. Kila kitu kilikuwa laini.

*Saa nne na robo.* Lori limejaa, turubai limefungwa. Mzee Silvesta, mlinzi, alibonyeza mashine ya getini kama alivyofundishwa. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Inasema seva haipatikani."

"Piga tena," Ngusa alisema dirishani.

"Nimepiga."

"Basi andika kwa mkono, mzee wangu. Jua kali."

"Kwa mkono? Bosi kasema karatasi ya mashine. Hata shetani akija na ya mkono, analala humu humu."

Nathanael akaja. Akamwita Arcade. Theopista, aliyesimama getini na chupa ya chai, aliona wazi: mwizi anaitwa atengeneze mlango wa kutokea, na wenye mali wamemzunguka.

Arcade alianza na waya. Ulikuwa mzima. Akazima mashine, akawasha. Seva haipatikani. Akaenda mzani, akakuta mashine ya kule inaongea na seva vizuri tu. Aliporudi jasho lilikuwa linamtoka. Alimwinamia dada yake kama anayeomba kikombe.

"Programu mpya nimeiweka mzani na ofisini. Hii ya getini sikuigusa."

"Kwa nini?"

"Muda wake niliutumia kuingiza gari la Ngusa kwenye seva. Nikasahau kabisa. Hii bado ina programu ya zamani, na seva mpya haiitambui."

"Iweke sasa."

Akajaribu. Disketi ya kwanza ikasoma. Ya pili ikasoma. Ya tatu ikakwaruza, ikagoma. Vumbi la tumbaku. Akaipuliza, akaifuta kwa shati. Ikagoma.

Ngusa alipiga honi, fupi. "Vipi, fundi? Tunazeekea hapa?"

*Saa tano kasoro.* Ilibaki njia moja. Arcade akae kwenye seva yenyewe, na mashine ya getini inapoita, abonyeze kwa mkono: kubali. Lakini Nathanael angesimama nyuma yake akisoma kioo cha kompyuta.

"Bosi," Arcade alisema, "nisaidie. Nenda mzani, shika ule waya kwa nyuma. Usiuachie mpaka nikwambie."

"Mimi?"

"Ukiuachia tunaanza upya."

Meneja akaenda, akapiga magoti kwenye vumbi, akashika waya kwa mikono miwili. Wapagazi wakaficha vicheko. Arcade akavuka uwanja mzima kuelekea ofisini, mbali na lori. Theopista akabaki getini. Macho yake yalikwenda ofisini, yakarudi mzani, yakaenda kwa Ngusa. Ngusa alikuwa ameacha kuangalia ofisini.

Mzee Silvesta akabonyeza. Namba ya gari ikatokea. Akabonyeza. Uzito ukatokea. Akabonyeza tena, na printa ikaanza kulia.

Karatasi ikatoka. Mzee akaisoma herufi moja moja, akaitia mfukoni, akasukuma geti.

Injini ikanguruma.

"Ngusa, bado," Theopista alisema, ameshika mlango wa lori. "Anakuja. Uwanja tu huo."

"Uwanja ni mkubwa. Panda wewe."

"Na Arcade?"

"Panda au baki."

Aliuachia mlango. Lori likapita, likashika barabara ya Magamba, vumbi likafunga nyuma yake.

Kule mzani Nathanael alisikia mngurumo. Akachungulia dirishani, akaona lori limeondoka naye hajaambiwa auachie waya. Theopista alimwona akisimama na waya mkononi, kisha akamwona anautupa chini na kuanza kutembea kwenda ofisini. Halafu anakimbia.

Simu ya getini ikalia. Mzee Silvesta akaipokea, akamnyooshea Theopista.

"Fundi. Anakutaka wewe."

Sauti ya Arcade ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyemaliza kazi. "Dada, imekubali! Nafunga hapa, natoka. Mwambie Ngusa anisubiri kidogo tu. Dada? Unanisikia? Mwambie anisubiri."