Kahawa Baridi ya Gunia la Tatu

Nyumbani kwa Mzee Othmar, kule Maguu, kila kiumbe kilikuwa na kazi yake katika kahawa, hata kuku, ambao kazi yao ilikuwa kufukuzwa kwenye kichanja cha kuanikia. Bonifasia, binti yake wa miaka kumi na mitatu, aliamka kabla ya jua kuchomoza. Aliteka maji, akafagia uwanja, akatandaza kahawa juu ya kichanja, ndipo akakimbilia shule. Akirudi aliigeuza kwa viganja, na mawingu yakikusanyika aliifunika mbiombio. Cha ajabu, pamoja na jasho lote hilo, wao wenyewe walikunywa chai. Kahawa ilikuwa mali ya kuuza; ikishapakiwa kwenye lori, safari njema.

Zamani kahawa yote ilipelekwa kwenye chama cha ushirika. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na magari yao yalipanda milima kila wiki. Wengi wao walipima uzito tu, wakazoa nzuri na mbaya bila kuuliza. Lakini mmoja, aliyefungua ghala Mbinga mjini, alikuja na utaratibu wake: ataonja kwanza. Kahawa safi ataichukua kwa bei nzuri na msimu ujao atarudi. Akikuta harufu mbaya, mzigo mzima utarudi ulikotoka. Mzee Othmar na jirani yake, Mzee Tadei, hawakuwa na magunia ya kutosha kila mmoja peke yake, kwa hiyo walikubaliana kuchanganya kahawa zao na kupeleka mzigo mmoja siku ya Jumatatu.

Tangu siku ya makubaliano hayo Bonifasia hakulala vizuri. Alikuwa na siri.

Wiki kadhaa nyuma, baba na mama yake walikwenda Litembo kumuuguza bibi. Walimwacha chini ya uangalizi wa mke wa Mzee Tadei, na baba alimwagiza jambo moja tu. "Kahawa iliyomo kwenye pipa imeshamenywa, inavunda ili utelezi utoke," alisema. "Ioshe Alhamisi. Ikipita hapo itaoza." Alhamisi ilipofika, timu ya mpira wa pete ilicheza na shule ya jirani, na bila Bonifasia nani angefunga magoli? Ijumaa alikuwa amechoka. Jumamosi walishangilia ushindi. Jumapili alipofunua pipa, harufu ilimrudisha nyuma hatua mbili.

Aliiosha kahawa ile mara tatu, akaianika kwenye kona ya kichanja. Ilipokauka ilionekana nyeupe na nzuri kama nyingine, na ganda lake halikusema lolote. Akaimimina ndani ya gunia la tatu, akaichanganya vizuri, akashona mdomo wa gunia na mdomo wake pia.

Jumapili, siku moja kabla ya safari, Shangazi Notburga alipanda kutoka Kihagara na furushi la dagaa. Yeye alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni kando ya ziwa.

"Tumsifu Yesu Kristo!" alibisha hodi.

"Milele, amina! Shikamoo, Shangazi," Bonifasia alimpokea.

"Marahaba, mwanangu. Nimepita parokiani, Sista amenipa barafu kutoka kwenye friji yao. Na dukani nimenunua soda ya maji, ile isiyo na utamu. Leo nitawatengenezea kahawa ya baridi yenye mapovu. Wageni wetu kule ziwani huililia kila mchana."

Mama yake Bonifasia, Walburga, aliangua kicheko. "Kahawa ya baridi! Wifi, joto la ziwani limekuharibu."

"Cheka tu, wifi. Bonifasia, chota kidogo kutoka kila gunia. Tuuonje mzigo kabla huyo mnunuzi hajauonja."

Bonifasia aliingia stoo na bakuli, akatazama magunia matatu yaliyopangwa ukutani, kisha akachota mara tatu kutoka gunia la kwanza.

Shangazi alimfundisha kila hatua. Walitwanga kahawa polepole kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, wakapepeta kwa ungo. Wakaikaanga kwenye sufuria kavu, wakiikoroga bila kupumzika, mpaka ikawa ya rangi ya udongo mweusi na jiko lote likanukia. Wakaiponda, wakaichemsha ikawa nzito, wakaichuja kwa kitambaa safi na kutia sukari. Kisha wakatumbukiza sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi.

"Haraka haina nafasi hapa," alisema Shangazi. "Ukimimina ikiwa ya moto, barafu inayeyuka na mapovu yanakufa."

Ilipopoa waliimimina glasi nusu, juu ya vipande vya barafu, halafu Shangazi akaongeza soda taratibu. Mapovu yalipanda yakitoa sauti ndogo. Mzee Tadei, aliyekuja kupanga safari, alipewa glasi ya kwanza. Aliishika kwa mashaka, akaonja, akafumba macho.

"Inatekenya ulimi!" alisema. "Lakini kahawa yenyewe ni safi. Safi kabisa!"

"Kumbe hiki ndicho tunachowapa watu miaka yote!" alisema Mzee Othmar, naye akamaliza glasi yake kwa mafunda mawili.

Mzee Tadei alifuta midomo. "Ndugu yangu Othmar, niseme kweli. Nilikuwa na wasiwasi wa kuchanganya. Mimi na mke wangu tumechambua punje moja moja mpaka macho yanauma. Sasa wasiwasi umekwisha. Kesho tuchanganye."

Wote walicheka kwa furaha, isipokuwa Bonifasia. Kinywaji kilikuwa kitamu, lakini baada ya funda la kwanza aliiweka glasi chini. Hila yake ilikuwa imefaulu, na kufaulu huko ndiko kulikomtisha. Akilini alimwona Mzee Tadei akirudi kutoka Mbinga na mzigo wake uliokataliwa, bila kujua alikosea wapi. Alitamani ardhi ipasuke imfiche. Kisha akapiga moyo konde, akachukua bakuli.

"Unatuongezea?" aliuliza Shangazi.

"Ndiyo, Shangazi," alijibu bila kumtazama.

Safari hii alifungua gunia la tatu. Alitwanga, akapepeta, akakaanga, akachuja. Hakupunguza sukari wala hakuongeza. Akasubiri ipoe, akatia barafu iliyobaki na soda iliyobaki, akapeleka glasi mbili, moja kwa baba yake na moja kwa Mzee Tadei.

Baba alipiga funda, akalitema palepale. "Nini hiki? Umetia nini?"

"Sijatia kitu, Baba. Ni kahawa ya gunia la tatu." Akaendelea kabla hajaulizwa. "Sikuiosha Alhamisi. Niliiosha Jumapili, ikiwa imeoza, nikaichanganya humo. Ile mliyokunywa kwanza, yote niliichota gunia la kwanza."

Mzee Tadei alinusa glasi yake, akaiweka chini bila kuigusa kwa midomo.

"Ukaniacha nisifiwe na jirani yangu," baba alisema hatimaye, "na wewe unajua!"

"Nisamehe, Baba. Nisamehe, Mzee Tadei." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Baba alilitoa gunia la tatu stoo yeye mwenyewe na kuliweka peke yake. Mnunuzi asiyejali ladha angelinunua, lakini kwa bei ya kutupa, na angeambiwa ukweli wake. Mabati ya jiko, ambayo Mama aliyasubiri misimu miwili, yangesubiri tena. Mama aliguna tu, akaenda kuchochea moto chini ya paa lake la nyasi. Mguno ule ulimuuma Bonifasia kuliko fimbo.

Jumatatu jioni wazee wawili walirudi kutoka Mbinga, walikopeleka mzigo wao wa pamoja bila gunia lile. Mnunuzi alikuwa ameonja kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu, akauchukua mzigo wote. Alikuwa ameandika majina yao kwa ajili ya msimu ujao.

Baba alimwita Bonifasia. "Kuchelewa kuosha ni uzembe, na hasara yake ilikuwa yetu," alisema. "Lakini ulipoficha, uliichukua hata kazi ya mwenzetu ukaitia hatarini bila kumwuliza. Kosa likifichwa huwa halikai kwa mwenyewe, mwanangu. Linawafuata wasio na hatia."

"Nimeelewa, Baba."

Mzee Tadei alikohoa. "Othmar, msimu ujao nikisafiri, pipa langu atabaki nalo huyu."

"Huyu huyu?" Baba alishangaa.

"Huyu huyu. Wengine wakiharibu, sijui kama wataniambia."

Bonifasia aliitikia kwa kichwa.