Gauni la Sindano

Fundi cherehani hakuwahi kumpima mkewe. Kila mwaka alimtazama mara moja tu, akakata kitambaa, na gauni likamkaa sawasawa. "Simama wima, Sindano!" alimtania. Jina hilo alimpa siku za uchumba, mke alipokuwa mwembamba. Sasa mke alikuwa amejaa vizuri tu, lakini jina lilibaki.

Mwaka huu gauni lilikwama mabegani.

"Mume wangu, hili la nani?"

"Lako."

"Langu la miaka thelathini iliyopita!"

Mke akacheka. Mume hakucheka. Alikuwa anatafuta mkasi, na mkasi alikuwa ameushika mkononi.

Tangu hapo utani ukakauka. Fundi alisahau oda. Aliuliza jambo moja mara tatu. Akawa anamwita mkewe "mama," kama anavyowaita wateja. Mke akawa na hamu na mumewe, ingawa walilala kitanda kimoja.

Siku moja akaenda kwa jirani yao, muuguzi, na kichupa mkononi.

"Muuzaji anasema ni zile chembechembe zilizotajwa redioni, za kusafisha ubongo. Nimeonja mwenyewe kwanza, mwanangu. Sijakumbuka chochote kipya. Nimeharisha tu."

Muuguzi akacheka, akakiweka kichupa mbali.

"Chembe hizo zipo kweli, mama. Ni ndogo mno. Maelfu yake hukaa kwenye upana wa unywele mmoja. Ubongo ukifanya kazi hutoa taka kali, kama jiko linavyotoa moshi. Moshi ukizidi, unachangia kuuumiza ubongo. Watafiti wanatafuta chembe za kuuondoa moshi huo. Lakini kazi kubwa bado iko maabara, kwa panya."

"Yaani panya wanatibiwa, mume wangu yuko foleni?"

"Kwa binadamu haijathibitishwa. Na ya kichupani hatujui ni nini, usimpe. Mpeleke mzee hospitali mapema. Kusahau huko si uzee tu, na kuna kusahau kunakotibika."

Hospitali walimpima damu, kumbukumbu, wakapiga na picha ya kichwa. Ilikuwa Alzaima, ugonjwa unaokula kumbukumbu polepole. Ndiyo kwanza unaanza. Daktari akampa vidonge vya kusaidia, si vya kuponya. Akasisitiza matembezi, usingizi, kudhibiti presha, na kuandika mambo.

Wakanunua daftari. Mkasi ukafungwa kamba mezani. Kila kitambaa kikabandikwa karatasi: cha nani, kinatakiwa lini. Oda zilipungua, lakini zilizotoka zilitoka sawa.

Asubuhi moja fundi akachukua utepe wa kupimia, akamzungushia mkewe kiunoni. Mara ya kwanza maishani. Mke akageukia dirishani ili machozi yasionekane. Hakutaka kupimwa. Alitaka kutazamwa.

Fundi akasoma namba, akaandika, akasoma tena. Kisha akauacha mkono pale pale kiunoni, akamtazama.

"Simama wima," akasema. "Sindano gani hii? Imekuwa gogo!"

"Andika na hilo," mke akasema. "Lisije likapotea."

Fundi akaandika.