Onyo la Chiriku

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipita dukani kwa mama yake kupangusa miwani ya kabatini. Walimpa jina hilo la utani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo alimkuta mama ameshika tama mbele ya kompyuta. Wezi wa mtandaoni walikuwa wameiba majina na anwani za barua pepe za wateja wote. Sasa waliwaandikia kwa jina la duka, wakiwaahidi miwani ya bure endapo wangetuma neno la siri la benki.

Mama alikuwa na wateja wanaosubiri kupimwa macho, hivyo Chiriku akajitolea kuandika onyo. Mama akamwambia aeleze tu yaliyotokea.

Chiriku aliona maelezo hayo yamepooza. Akaandika kwa herufi kubwa: "HATARI! HARAKA! BONYEZA HAPA AU UTAJUTA!" Akamwaga alama za mshangao kama anayepanda mtama, kisha akawatumia wote.

Haukupita muda, hakimu mstaafu, mteja wao wa zamani, akaingia na simu mkononi. Alieleza kuwa amepokea barua mbili. Moja ilipiga kelele kama dalali mnadani. Aliifuta kwa kuwa ilinuka utapeli. Nyingine ilimwamkia vizuri na kumpa pole ya macho.

"Hii ya adabu ndiyo yenu," alisema. "Nisaidieni kuandika hilo neno la siri, herufi sizioni vizuri."

Mama aliiwahi simu kabla kidole hakijagusa kitu. Chiriku alitamani ardhi immeze.

"Shikamoo, babu," akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya kelele niliiandika mimi. Ya adabu ni ya wezi."

Hakimu alicheka mpaka akatafuta kiti. "Basi leo nimemfunga asiye na hatia, nikamwachia mwizi."

Wakaandika onyo jipya, fupi na la upole: tumeibiwa anwani zenu, tunaomba radhi, hatutawauliza kamwe neno la siri, mkiwa na shaka, njooni dukani. Wazee wasiozoea kusoma barua pepe, Chiriku aliwapigia simu mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walipomaliza, mama alimgeukia. "Mwanangu, mwenye kusema kweli hana haja ya kumtisha mtu wala kumkimbiza." Kisha akamtazama hakimu. "Nawe, mzee wangu, neno la siri halipewi mtu, hata akuamkie kwa magoti."